Majuto ya mchezaji: kwa nini chaguo la kwenye gemu linaendelea kukuuma

Watu watano wamefungiwa ndani ya chumba baridi cha kuhifadhia nyama. Mzee Larry, mkali na mgonjwa wa moyo, anapandwa na hasira, anashika kifua, anaanguka. Binti yake Lilly anapiga magoti na kuanza kumkandamiza kifua ili mapigo yarudi. Kenny, rafiki yako, ana hesabu nyingine: katika dunia hii kila anayekufa huamka akiwa zombi, na Larry ni pande la mtu. Akiamka humu ndani, hakuna atakayetoka, na miongoni mwenu yumo mtoto, Clementine. Pembeni kuna jiwe kubwa la chumvi ya kulambwa na ng'ombe, na Kenny ameshaliona. Mstari wa muda chini ya skrini unaanza kufupika. Umsaidie Lilly kumwokoa baba yake, au umshike Lilly ili Kenny afanye anachotaka kufanya?

Hiyo ni sehemu ya pili ya msimu wa kwanza wa The Walking Dead, gemu ya mwaka 2012 iliyotengenezwa na kampuni ya Telltale ya San Rafael, California. Chagua lolote, Larry anakufa. Jiwe linashuka kichwani mwake hata ukikataa. Na ukiwa umechagua kumsaidia Lilly, kuna nukta moja kabla jiwe halijatua ambapo mdomo wa mzee unacheza kama anayevuta pumzi.

Mchezaji anayerudia gemu na kugundua kwamba Larry hawezi kupona husema amedanganywa: chaguo halikuwa chaguo. Malalamiko hayo yana msingi, lakini yanaacha swali gumu bila jibu. Kama uamuzi haukubadilisha kitu, mbona ulimuuma mtu yule yule alipocheza mara ya kwanza? Jibu linaanzia hapa: katika gemu za aina hii, uamuzi mara nyingi haubadilishi kinachotokea. Unabadilisha wewe ulikuwa wapi kilipotokea. Tukio ni la mwandishi, lakini mkono uliomshika Lilly ni wako, na majuto hukaa kwenye mkono.

Tahadhari kabla ya kuendelea: makala hii inafichua mengi ya misimu mitatu ya mwanzo ya The Walking Dead, pamoja na Life is Strange na Life is Strange 2, miisho ikiwemo.

Njia zinazoachana kisha zikakutana

Chukua gemu yenye maamuzi kumi, kila uamuzi ukiwa na njia mbili. Kama kila njia ingeendelea peke yake bila kukutana na nyingine, ungepata miisho 1,024. Ukihesabu na matukio ya njiani, yanakuwa 2,047 ya kuandika, kuchora na kurekodi sauti, huku mchezaji mmoja akiona 11 tu. Hakuna studio inayoweza kulipia kazi hiyo. Kwa hiyo wabunifu hutumia mpango mwingine: hadithi inagawanyika kwa muda mfupi, kisha matawi yanarudi kukutana kwenye tukio moja ambalo kila mchezaji lazima alipitie. Kwa mpango huo maamuzi yale yale kumi yanahitaji matukio kama 30, yaani moja la pamoja na mawili ya pembeni kwa kila uamuzi.

Baada ya matawi kukutana, kinachobaki ni kumbukumbu. Ndani ya faili la sevu, linalohifadhi ulipofikia, gemu inaandika ndiyo au hapana, au namba: ulimsaidia Lilly au la, uliiba chakula garini au la, umemuunga mkono Kenny mara ngapi. Baadaye inachungulia kumbukumbu hizo na kubadilisha sentensi moja, sura ya mtu, au nani anasimama upande wako. Yale maneno madogo yanayotokea pembeni ya skrini kukuambia kwamba Clementine atalikumbuka jambo hili ni tangazo tu kwamba kuna kitu kimeandikwa. Hayaahidi kwamba kitakuja kutumika kwa ukubwa gani.

Tazama mpango huo ukifanya kazi. Mwishoni mwa sehemu ya kwanza, ndani ya duka la dawa mjini Macon, Georgia, mazombi yanawavamia watu wawili kwa pamoja: Carley, mwandishi wa habari mwenye shabaha, na Doug, fundi wa kompyuta mpole. Unaweza kumfikia mmoja tu. Uliyemwacha anafia pale pale. Uliyemwokoa anatembea nawe hadi sehemu ya tatu, kisha Lilly anampiga risasi kando ya barabara, awe Carley au awe Doug. Njia zimekutana. Hata hivyo vifo viwili si sawa: Carley anapigwa risasi yeye mwenyewe katikati ya ugomvi, ilhali Doug anapata risasi iliyomlenga Ben, kijana ambaye Doug alijaribu kumkinga. Mbunifu ameokoa gharama ya kubeba watu wawili hadi mwisho, na bado amempa kila mchezaji msiba wake.

Mfano bora zaidi wa kumbukumbu inayolipwa unamhusu Kenny. Mwishoni mwa sehemu ya nne Lee, unayemchezea, ameumwa na zombi na Clementine ametoweka. Unawaomba wenzako waje kumtafuta. Kenny anaamua kwa kuangalia mlikotoka: chumba cha nyama, ugomvi wa njiani, mara ulizomtetea na mara ulizomgeuka. Aliyekuwa naye tangu mwanzo humpata kwa urahisi. Aliyempinga hulazimika kumshawishi, na hoja inayomgusa ni ya familia, kwa sababu Kenny amepoteza mke na mtoto na anamwona Clementine kama damu. Hapa ndipo mchezaji aliyemsaidia Lilly sehemu mbili nyuma anapolipa deni. Alifanya jambo aliloliona la haki, na sasa haki ile inamnyima rafiki. Majuto ya namna hii ndiyo yenye thamani zaidi katika gemu hizi, kwa sababu hata ukirudi nyuma huna uhakika kwamba ungechagua tofauti.

Na kuna lile gari. Mwishoni mwa sehemu ya pili kundi lenye njaa linakuta gari msituni, taa zinawaka, limejaa chakula, mwenyewe hayupo. Unaweza kuchukua au kukataa. Ukikataa, wenzako wanachukua. Sehemu tatu baadaye, katika hoteli mjini Savannah, mwenye gari anamkalisha Lee na kumsomea makosa yake moja baada ya jingine. Familia yake ilisambaratika baada ya wizi ule. Ukiwa uliiba, anakuambia uliiba. Ukiwa hukuiba, unaweza kujitetea, lakini mbele yako bado yuko mtu aliyepoteza kila kitu kwa sababu ya kundi uliloendelea kuandamana nalo. Tukio ni moja, lawama ni mbili tofauti.

Muda, kimya na kitufe kisichoeleweka

Majuto yanahitaji uharaka wa kiasi fulani. Mchezaji akipewa dakika nzima, ataanza kupiga hesabu kama mtu anayecheza bao: njia ipi ina faida, nani ana silaha, nani atanifaa baadaye. Akipewa sekunde chache, anachagua kwa tabia yake, na kile kilichotoka kwenye tabia hakikanushiki kirahisi. Ndiyo maana Telltale waliweka mstari unaofupika karibu kila mazungumzo, hata yale mepesi. Ungewekwa kwenye matukio makubwa tu, ungekuwa kengele ya kumwamsha mchezaji. Ukiwa kila mahali, unamkuta anajibu kama anavyojibu watu kila siku.

Muda ukiisha, Lee ananyamaza, na kimya nacho kinaandikwa. Wengine hukasirika kinapohesabiwa kuwa jibu, lakini ni mojawapo ya mambo ya kweli kabisa katika gemu hizi.

Tatizo huja pale haraka inapokutana na maneno yasiyoeleweka. Kitufe kinaonyesha maneno mawili matatu, mhusika anatamka sentensi nne. Katika The Wolf Among Us, gemu nyingine ya Telltale iliyoanza kutoka mwaka 2013, kuna chaguo fupi wakati wa mazungumzo ya baa ambalo wachezaji wengi walidhani ni kumnunulia mtu kinywaji. Wakabonyeza, na shujaa wao akampasua jamaa kwa glasi usoni. Majuto yaliyofuata hayakuwa ya maadili hata kidogo. Yalikuwa ya mtu aliyeonewa. Mchezaji anayejutia tendo ambalo hakulichagua haanzi kujihoji, anaanza kumlaumu aliyeandika kitufe, na kuanzia hapo anacheza kwa tahadhari ya kukwepa mitego badala ya kuishi hadithi.

Jambo hili linawagusa wasomaji wa Kiswahili kwa namna ya pekee. Gemu hizi hazina maandishi ya Kiswahili. Anayesoma Kiingereza kama lugha ya pili au ya tatu anatumia sehemu kubwa ya zile sekunde kusoma tu machaguo manne, na anaingia kwenye uamuzi akiwa na nusu ya muda aliopewa mwenzake wa Ohio. Washa maandishi ya chini tangu mwanzo, maana sauti ikikupita maandishi yatakushika. Kwa wengi pia inasaidia kusimamisha gemu mara tu machaguo yanapojitokeza. Kama menyu ya kusimamisha haiyafuniki, soma, elewa, kisha endelea uamue kwa haraka iliyobaki. Utakuwa umepunguza shinikizo la lugha, na lile la hadithi litabaki.

Paa la bweni

Januari 30, 2015 studio ya Dontnod ya Paris ilitoa sehemu ya kwanza ya Life is Strange. Max Caulfield, mwanafunzi wa upigaji picha katika mji wa kubuni wa Arcadia Bay, Oregon, anagundua anaweza kurudisha muda nyuma. Kwa mchezaji maana yake ni kwamba unaweza kuchagua, ukaona matokeo ya papo hapo, ukarudi, ukajaribu lingine, ukalinganisha. Mtu angetarajia majuto yafe kabisa. Yakazidi.

Sababu ya kwanza ni kwamba unachokiona ni matokeo ya karibu tu. Ukimzuia mlinzi David anayemsumbua Kate Marsh, unaona David amekukasirikia. Ukipiga picha badala ya kuingilia, unaona Kate ameumia na wewe una ushahidi. Kipi kitafaa wiki ijayo? Kurudisha muda hakukwambii. Sababu ya pili ni ujanja wa uandishi ambao hauonekani mpaka urudie: baada ya uamuzi mkubwa Max anajisemea kwa wasiwasi, na wasiwasi huo upo katika pande zote. Ukienda kushoto anajiuliza kama ingefaa kulia, ukienda kulia anajiuliza kama ingefaa kushoto. Gemu inakupandia shaka bila kujali ulichagua nini, kisha inakuacha na kitufe cha kurudi mkononi. Wapo wanaorudia tukio moja mara nyingi kuliko linavyostahili, wakitafuta jibu safi ambalo halikuandikwa.

Kisha inakuja sehemu ya pili. Kate, ambaye video yake ya aibu imesambazwa shuleni, amepanda juu ya paa la bweni. Max anavuta muda kwa nguvu zake zote hadi ausimamishe, anafika juu, na nguvu zinamwishia. Kuanzia hapo hakuna kurudi nyuma. Mazungumzo yale yamejengwa juu ya mambo madogo ambayo wengi waliyapita bila kuyafikiria. Je, ulipokea simu yake ulipokuwa mgahawani na Chloe, rafiki wa Max? Je, ulifuta anwani ya ile video iliyoandikwa kwenye kioo cha bafu? Ulimwingilia David, au ulipiga picha? Matendo mema yanakupa nafasi ya kukosea kidogo katika mazungumzo, na uzembe unaibana nafasi hiyo. Halafu anakuuliza habari za familia yake na mstari wa Biblia anaoupenda, na majibu yalikuwa chumbani kwake kwa yeyote aliyetulia akatazama picha na vitu vyake. Mstari ni Mathayo 11:28.

Anayeshindwa pale hashindwi kwa sababu alichagua ubaya. Ameshindwa kwa kutokuangalia. Mtu alimpigia simu, naye akaona mazungumzo ya mezani ni muhimu zaidi. Gemu chache zimewahi kumfanya mchezaji ajutie jambo dogo namna hii kwa haki kamili, kwa sababu taarifa zote zilikuwepo na muda wa kuzitafuta ulikuwepo.

Na hapa ndipo mtindo wa kutoa gemu sehemu kwa sehemu unapofanya kazi yake. Sehemu hiyo ilitoka Machi 24, 2015. Ya tatu ilitoka Mei 19. Zilikuwa wiki nane kamili ambazo mchezaji aliyempoteza Kate hakuwa na pa kwenda. Katika gemu ya kawaida, tukio linalofuata lingemvuta mbele ndani ya dakika moja. Hapa alibaki na takwimu za mwisho wa sehemu, zinazoonyesha kwa asilimia wangapi duniani walifanya kama yeye na wangapi hawakufanya. Skrini hiyo ndiyo inayotia chumvi kwenye kidonda: inathibitisha kwamba njia nyingine ilikuwepo na kuna watu wameipita.

Utafiti wa majuto unasema nini

Mwaka 1982 wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky waliwapa watu kisa kifupi. Paul ana hisa za kampuni A, anafikiria kuhamia kampuni B, anaghairi. Baadaye anagundua angehama angepata dola 1,200 zaidi. George alikuwa na hisa za kampuni B akahamia A, naye anagundua angebaki angekuwa na dola 1,200 zaidi. Hasara ni ile ile. Asilimia 92 ya walioulizwa walisema George ndiye anayeumia zaidi. Kitendo kinauma kuliko kutotenda, kwa sababu ni rahisi kuwaza ungetulia tu mahali ulipokuwa.

Thomas Gilovich na Victoria Medvec wakaongeza, mwaka 1995, kwamba picha hiyo hugeuka kadiri muda unavyokwenda. Karibu na tukio watu hujutia walichofanya, lakini wakitazama maisha yao kwa mbali hujutia zaidi wasichofanya. Weka hilo pembeni ya gemu na utaelewa kwa nini chumba cha nyama kinauma usiku ule ule, ilhali simu ya Kate isiyopokelewa huwarudia watu baadaye.

Utafiti wa tatu ndio wenye faida kubwa kwa mchezaji. Daniel Gilbert na Jane Ebert walichapisha mwaka 2002 jaribio la wanafunzi wa upigaji picha waliosafisha picha mbili nzuri na kutakiwa kubaki na moja. Baadhi waliruhusiwa kubadilisha mawazo kwa siku chache, wengine waliambiwa uamuzi ni wa mwisho. Waliofungiwa mlango waliipenda picha yao zaidi kuliko walioachiwa wazi. Na watu wanapoulizwa mapema hawaoni hatari hiyo, wanapenda mlango wazi. Kila mchezaji anayepakia sevu ya zamani dakika tano baada ya kuchagua anafanya kosa hilo hilo: anadhani anajiondolea majuto, kumbe anajinyima ile kazi ya polepole ambayo akili hufanya ili kukubaliana na jambo lisilogeuka.

Pale mbunifu anapovunja ahadi

Si majuto yote ni ya heshima. Mwisho wa msimu wa pili wa The Walking Dead, uliotoka 2014, Jane, mmoja wa wenzako, anarudi kutoka kwenye dhoruba ya theluji bila mtoto mchanga AJ. Kenny anaamini mtoto amekufa kwa uzembe wa Jane na anamshambulia. Clementine, ambaye sasa ndiye unayemchezea, ana bastola. Ampige Kenny risasi au ageuke pembeni amwache amuue Jane? Baada ya damu kumwagika, mtoto anasikika akilia. Jane alimficha ndani ya gari ili kuthibitisha kwamba Kenny ni mtu wa hatari.

Hapo mchezaji hakuwa na njia yoyote ya kujua. Bado tukio linafanya kazi, kwa sababu swali halisi halikuwa mtoto yuko wapi. Swali lilikuwa kama bado unamwamini Kenny baada ya yote aliyoyafanya msimu mzima, na kuhusu hilo ulikuwa na ushahidi tele. Kukosa taarifa moja hakuharibu uamuzi kama taarifa nyingine zinatosha kuujenga.

Kilichoharibu ni msimu wa tatu, A New Frontier, ulioanza Desemba 2016. Waandishi walihitaji Clementine awe peke yake bila kujali ulimaliza vipi. Basi Kenny, kwa aliyembakisha, anakufa baada ya ajali ya gari katika kumbukumbu fupi. Jane, kwa aliyembakisha, anajiua, nayo inaonyeshwa kwa kumbukumbu fupi. Njia zimekutana kama kawaida, ila safari hii kwa haraka na bila uzito. Carley au Doug walipata muda hadi sehemu ya tatu kabla ya kuondolewa, na kifo chao kilibadilisha kundi. Kenny na Jane walifagiliwa ili kusafisha meza. Mchezaji aliyebeba uamuzi ule kwa zaidi ya miaka miwili aliambiwa, kwa vitendo, kwamba haukuwa mzigo. Hasira iliyofuata ilikuwa ya haki, na kwa maoni yetu iliishushia Telltale imani ya wachezaji kuliko ile hoja ya kila siku kwamba machaguo hayana maana.

Dontnod walijaribu dawa nyingine katika Life is Strange 2 (2018 hadi 2019). Sean Diaz, miaka 16, anamkimbiza mdogo wake Daniel, miaka 9, kutoka Seattle kuelekea Meksiko baada ya baba yao kuuawa na polisi. Daniel ana nguvu za ajabu na anakutazama wewe. Ukiiba kituo cha mafuta, anaona. Ukitukana, anasikia. Mbwa wao akiuawa na puma, unamwambia Daniel amuue mnyama yule au amwache aende, naye anajifunza kisasi au huruma. Mpakani, mwisho kabisa, Sean anachagua kuvuka au kujisalimisha, lakini Daniel anaamua kama atakubali. Ukilea kwa maadili ukajisalimisha, Sean anafungwa miaka 15 na Daniel anakua huru. Ukilea kwa maadili kisha ukalazimisha kuvuka, Daniel anaruka nje ya gari na Sean anavuka peke yake. Ukilea kwa ukatili mkavuka, mnaishi wote Meksiko maisha ya uhalifu. Ukilea kwa ukatili kisha ukataka kujisalimisha, Daniel anakataa, risasi zinalia, na Sean anakufa. Ukaribu wa ndugu hao wawili nao unahesabiwa. Hakuna dakika moja ya kuilaumu. Kilichokufikisha pale ni malezi ya sehemu tano nzima, na ndiyo maana kupakia sevu ya mwisho na kubonyeza kitufe kingine hakukusaidii chochote.

Jinsi ya kucheza bila kuharibu

Mzunguko wa kwanza uwe mmoja, bila kurudi nyuma nje ya yale ambayo gemu yenyewe inaruhusu. Siku hizi sehemu zote zinapatikana kwa mkupuo, kwa hiyo kile kipindi cha kusubiri lazima ujiwekee mwenyewe: acha angalau siku moja kati ya sehemu na sehemu, na baada ya zile zinazofunga kwa kishindo acha wiki. Msimu wa kwanza wa The Walking Dead unakuuliza mwanzoni kama unataka viashiria vya kawaida au vichache. Chagua vichache ikiwa hutaki kuambiwa kila mara nani amekumbuka nini.

Ukitaka kuona njia nyingine, anza kwenye nafasi tofauti ya sevu. Kosa la kawaida ni kurudi kwenye tukio la zamani ndani ya nafasi ile ile kwa udadisi tu, na kukuta kila ulichochagua baada ya hapo kimefutwa au kimeandikwa upya. Life is Strange ina hali maalumu ya kukusanya picha ulizozikosa bila kugusa maamuzi yako, na ndiyo ya kutumia kwa kazi hiyo. Kwenye kompyuta, nakili folda ya sevu kabla ya kuanza msimu mpya au kubadilisha mashine. Msimu wa pili wa The Walking Dead usipopata sevu ya kwanza hujichagulia wenyewe maamuzi yako ya zamani kwa bahati nasibu, na watu wamewahi kwenda mbali kabla ya kushtuka kwamba hadithi wanayoicheza si yao. Kwa msimu wa mwisho, ulioanza 2018, Telltale walitoa zana ya kujenga upya maamuzi ya misimu iliyopita. Ujaze kwa ukweli, hata yale yanayouma.

Ukiandika ya kwako

Twine ni programu ya bure inayokuwezesha kuandika hadithi ya machaguo kwa Kiswahili bila kujua kuprogramu, na kwa hadithi ya kwanza matukio 30 yanatosha. Usianze na chaguo la kufa na kupona. Anza na mambo madogo manne au matano yanayoandikwa kwenye kumbukumbu kimyakimya: nani ulimgawia chakula, nani hukumsalimia, ahadi gani uliitoa. Kisha tengeneza tukio moja la mwisho linaloyauliza yote. Kila kumbukumbu irudi angalau mara mbili, mara moja karibu na mara moja mbali, la sivyo ifute kwa sababu inambebesha msomaji ahadi usiyoilipa.

Halafu wape watu watano wacheze, ukae kimya pembeni. Baada ya kila uamuzi mkubwa waulize kabla hawajaona matokeo: unadhani nini kitafuata? Aliyekosea kwa sababu hakuijua siku zijazo, mwache. Aliyekosea kwa sababu hakuelewa kitufe kinafanya nini, andika kitufe upya na umjaribu mtu mwingine, maana yule wa kwanza ameshajua.